Ugonjwa Nilioutunga Vuga

Mwezi uliopita Mama Naomi alituita wote tuliowahi kupita mikononi mwake, akatupikia makande. Magoti yake yamekataa ule mteremko, anakwenda kukaa kwa binti yake Korogwe, na kitalu chake cha miche, kilicho juu kidogo ya mji wa Lushoto, njia ya kwenda Magamba, amemkabidhi Bakari. Tulikuwa kama watu ishirini tumebanana ndani ya kile kibanda cha mabanzi ambacho kwetu kilikuwa stoo, jiko, ofisi na mahali pa kujificha mvua. Makoti ya mvua yalining'inia ukutani palepale pa zamani, sufuria ilikuwa ileile iliyobonyea ubavu, na moshi ulikuwa na ukaidi wake uleule wa kumfuata mtu anayekohoa. Nilikuwa nimeketi juu ya gunia la samadi kavu, sahani magotini, nafurahi kama mtoto, mara binti mmoja mdogo, mgeni kwangu, akaniinamia kwa adabu. "Shikamoo, dada. Eti ndiye wewe mwenye ugonjwa?" Kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko. Bakari alicheka mpaka akaweka sahani chini. Nikajua hapo kwamba mpaka leo, kwenye kitalu kile, mtu akiharibu kitu akanyamaza, wenzake humtazama usoni wakamuuliza, "Vipi, umeshikwa na ugonjwa wa Stela?" Nilicheka na mimi, kwa nini nisicheke. Lakini wakati wa kurudi nyumbani, ukungu umeshuka mpaka barabarani, niliona yule binti amesikia kichekesho tu, hajasikia habari yenyewe. Nami habari yenyewe ninayo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Cheti changu cha kidato cha nne hakikuwa cha kumwonyesha mgeni, lakini sikuwa na huzuni nacho, kwa sababu nilikwisha kuamua kwamba nitakuwa mtangazaji wa redio, na sikuona redio inahusianaje na hesabu. Nilipokuwa najaza udongo kwenye viriba, ile mifuko midogo myeusi ya kuoteshea miche, nilikuwa natangaza. Kiriba kimoja kilikuwa msikilizaji wa Mombo, kingine wa Soni, na mimi niliwasomea salamu zao: "Na sasa ziwafikie wote wanaonisikiliza kule Shume, wenye baridi yao, wakae karibu na moto." Bakari, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kama thelathini na ndiye aliyekuwa fundi mkuu, alikuwa akipita na kopo la maji ananijibu, "Mtangazaji, wasikilizaji wako wana kiu." Mama Naomi alicheka kwa mabega tu, bila sauti. Alikuwa mwanamke mnene, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, mwenye macho yanayoona kiriba kisichojaa kutoka ng'ambo ya bonde. Nilimpenda tangu siku ya kwanza aliyonipa chai ya maziwa kabla ya kunipa kazi.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze kwa ufupi. Unaotesha mbegu ya parachichi la kienyeji, lenye mizizi migumu isiyojali udongo. Mche ukifika unene wa penseli, unaukata kichwa, unapasua shina kidogo, unachomeka kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mparachichi wa kisasa, kisha unafunga pale kwa utepe wa nailoni. Hiyo ndiyo kubebesha. Vikikubaliana, chini kunabaki kienyeji na juu kunazaa yale matunda ya ngozi ngumu ambayo watu wanayafuata mpaka shambani. Visipokubaliana, kikonyo kinageuka cheusi, na mche wenyewe unatoa machipukizi chini ya kidonda, ya kienyeji tupu. Kwa macho, majani yanafanana. Ukitaka kujua, sugua jani la kienyeji ulinuse, linanukia kama dawa ya kikohozi. La kisasa halina harufu ile. Kwenye kitalu chetu watu walipanda vyeo kwa kisu. Ulianza na udongo, ukaja kwenye maji, na siku Mama alipokupa kisu ulikuwa umekuwa mtu. Mimi nilipewa baada ya miezi minne, na miche yangu ya kwanza ilishika karibu yote. "Mkono wako unashika, Stela," Mama alisema mbele ya watu. Bakari akasema, "Msimsifu, atatutangaza." Nilitangaza kweli. Nilitangaza mpaka kwa mwenye duka la chumvi.

Basi Januari Mama alirudi kutoka Soni na fungu la vikonyo vizuri ajabu, amevifunga kwenye gunia lililoloweshwa. "Weka kivulini, ubebeshe kabla ya mchana," akaniambia, akaenda zake kwenye mazoezi ya kwaya. Niliviweka juu ya pipa la maji ili nipate mikono ya kupanga miche, na pipa lilikuwa kivulini, sisemi uongo. Ila kivuli kina miguu. Siku hiyo ilikuwa moja ya zile siku chache za jua kali, nami nilikuwa na kipindi kirefu, nawahoji wasikilizaji wa Vuga kuhusu mapenzi. Nilipokumbuka, gunia lilikuwa limekauka na vikonyo vimelegea kama mchicha wa jana. Nikavishika. Nilijua. Sentensi iliyohitajika pale ilikuwa fupi: Mama, nimeviacha juani. Nimeisema mara nyingi tangu siku ile, nikiwa peke yangu, nikipima ni pumzi ngapi. Ni pumzi moja, tena inabaki. Lakini mimi nilikuwa yule mwenye mkono unaoshika, na yule hawezi kuwa na sentensi kama hiyo mdomoni. Nikavilowesha maji, nikabebesha miche kumi na minane, nikaomba Mungu.

Wiki ya tatu vyote vilikuwa vyeusi. Chini yake miche ilikuwa inachipua kwa nguvu, kama inanicheka. Hapo nikafanya jambo ambalo mtu asiyeijua kazi asingeweza kulifanya. Nilivichomoa vikonyo vilivyokufa, nikaacha chipukizi moja tu kwa kila mche, nikalikalisha wima, nikazungushia utepe mpya pale lilipoanzia, ili mtu akitazama aone kidonda na kijani juu yake. Nilifunga kwa ustadi, na hilo linanichoma hata leo. Sijawahi kufunga utepe vizuri kama nilivyofunga ule.

Kilichofuata ni cha kuchekesha kama si cha kuliza. Miche yangu ya uongo ilikua kuliko yote kitaluni, maana haikuwa na kidonda cha kuuguza. Masika yalipoanza akaja bibi mmoja kutoka Vuga, Bibi Mwajuma, mwembamba, amejifunga kanga mbili, mwavuli mkubwa wa kiume mkononi. Akapita kwenye mistari taratibu, akasimama kwenye ule wangu. "Hii ndiyo yenye afya," akasema. Mama Naomi akanisukuma mbele kwa fahari. "Ni kazi ya binti huyu." Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu. Hebu lete huo mkono." Akaushika kati ya viganja vyake viwili vilivyokauka kama maganda ya mahindi, akauombea dua palepale, na mimi mkono ule nikautazama kama wa mtu mwingine. Alitueleza kwamba ameng'oa mibuni yake yote mizee ili apate nafasi. "Nina miaka sabini na minne. Nimeambiwa mwaka wa tatu, wa nne, inazaa. Nataka nile tunda la mti niliopanda kwa akili yangu mwenyewe. Nikila la kwanza, la pili hata wakila nyani." Mama akacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda, nikakaa juu ya kuni.

Niwaambie mapema, msije mkasoma kwa wasiwasi: Bibi Mwajuma alikula. Alikula miaka kadhaa, kabla Mungu hajamchukua, na alinitukana vizuri kila msimu. Lakini mwaka ule sikujua hivyo. Nilitumwa niende Vuga kumsaidia kupanda, na hapo ndipo mambo yaliponizidi, kwa sababu yule bibi aliipa miche majina. Tulikuwa tunashindilia udongo, yeye anasema, "Huyu Salimu. Huyu Asha. Huyu Hamza, mweke mbali na Asha, wanagombana." Wajukuu walikwisha kwenye mche wa kumi na nne. Akaingia kwa wakwe, akawapa miwili, wa kumi na saba akampa mume wake marehemu, na wa mwisho, uliokuwa mrefu kuliko yote, akauita Daktari. "Nani huyo, Bibi?" "Hajazaliwa. Lakini katika watoto wote hawa hawezi kukosekana mmoja." Baadaye tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu ndani kwake, chumba cha udongo kilichopakwa chokaa ya buluu, kitanda cha kamba upande mmoja, mbegu za mahindi zimening'inia juu ya moto. Kila alipokula tonge moja alinisogezea nyama ya kuku aliyoitafuta kwa ajili yangu. "Kula, mwenye mkono." Nilikula. Nyama ilikuwa tamu, na ilishuka kama kokoto.

Miezi ile mitatu iliyofuata nilipunguza kutangaza. Bibi Mwajuma alikuwa anapiga simu kitaluni karibu kila Ijumaa, na Mama aliweka sauti juu ili wote tusikie: "Salimu ametoa majani mapya. Hamza ameliwa na mbuzi kidogo, nimemsema yule mbuzi. Msalimieni mwenye mkono." Wakati wa kiangazi alikuwa anawamwagilia kwa birika, mmoja mmoja. Nilikuwa napiga hesabu, mimi niliyeikimbia hesabu darasani: miaka minne ya birika, halafu mti unazaa parachichi la kienyeji ambalo angeweza kuliokota njiani bure. Miaka sabini na minane. Nani atampa miaka mingine minne?

Nikaamua kurekebisha kimya kimya. Siku hizi nikikumbuka najionea huruma, maana nia ilikuwa njema kabisa. Nilitaka tu kosa liondoke bila kupita mdomoni mwangu. Agosti nikamdanganya Mama kwamba naenda kumwona shangazi, nikakata vikonyo kwenye mparachichi wake mkubwa bila kuomba, nikaenda Vuga na kisu na utepe ndani ya mfuko wa kitenge. Bibi alinipokea kama mkwe. Nilimwambia nimekuja kukagua. "Kagua, mwanangu, mimi niwashe moto tunywe chai." Sikuwa na subira. Alipoingia jikoni nikamkata Salimu, nikamkata Asha, nikambebesha kila mmoja haraka haraka, kwenye baridi ya kipupwe. Nilikuwa nimemkata Daktari na sijachomeka kitu alipotokea na birika.

Hakupiga kelele. Aliweka birika chini, juu ya jani la mgomba, akaja mpaka pale, akaokota kile kichwa cha Daktari kilichoanguka na majani yake.

"Umemfanya nini?"

"Bibi, wana... wana ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Wa shina."

"Unaambukiza?"

Nikafikiri. Ee Mungu, nilifikiri kabisa, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. "Kidogo," nikasema.

Nikaondoka Vuga nimebeba ndizi alizonipa za kunishukuru. Kumbe nyuma yangu neno "kidogo" lilikuwa limevaa viatu. Bibi Mwajuma alimwonya jirani yake, Mzee Kaoneka, ambaye naye alikuwa na miche tisa kutoka kwetu, miche mizima, kazi ya Bakari. Mzee Kaoneka si mtu wa kusubiri; aliing'oa yote tisa, akaichoma moto, kisha akapiga simu. Nilikuwa nje naosha viriba, na ukuta wa mabanzi hauzuii hata pumzi. "Ugonjwa?" nikamsikia Mama. "Nani kasema? ... Mtu wangu? ... Hapana, baba, hakuna niliyemtuma. ... Umechoma? ... Yote?" Kisha akawapigia watu wa Soni, wa Bumbuli, kuwauliza kama kuna mche uliokauka. Wawili wakasema hawatachukua tena miche yetu mpaka wasikie. Kwa nini hakunishuku mimi? Kwa sababu Mzee Kaoneka hakuniona wala kulijua jina langu, simu ya Bibi Mwajuma ilikuwa imeharibika tangu wiki ile, na mimi nilikuwa kwa shangazi.

Jioni ile Mama akamwita Bakari. Ugonjwa wa shina mara nyingi unaingia kwa kisu kichafu, na kusafisha visu kwa spiriti ilikuwa kazi yake. Hakumfokea. Alimuuliza tu, "Bakari, una hakika ulikuwa unavisafisha?" Na Bakari, ambaye alikuwa hawezi kukosa jibu hata msibani, hakujibu kwa utani. Akasema, "Nadhani, Mama. Sasa sina hakika." Siku zilizofuata nilimwona kila asubuhi amechuchumaa pale bombani, anasugua visu vilevile, anavinusa, anavisugua tena. Alianza kunitazama akiniuliza, "Stela, uliwahi kuniona nimekiacha?" Nikasema hapana. Ni kweli ilikuwa hapana. Lakini kuna hapana ya kweli ambayo ni uongo mtupu.

Siku ya kumi na moja ilikuwa makande, mvua nje, sote ndani ya kibanda. Mama alikuwa anagawa. Bakari aliombwa apitishe kisu cha kukatia kitunguu, akakifuta kwanza kwenye shati, akakitazama, akakifuta tena. Ni jambo dogo. Lakini niliona mtu mzima niliyemheshimu anakiogopa kisu cha kitunguu kwa sababu yangu, nikasimama, sahani ikaanguka.

"Mama, hakuna ugonjwa."

Mama aliendelea kushika mwiko hewani. "Hakuna wapi?"

"Hakuna popote. Niliutunga."

Akaurudisha mwiko ndani ya sufuria. Kisha akaanza kuuliza, swali moja moja, taratibu, kama anayechambua mawe kwenye maharage. Mingapi? Kumi na minane. Vikonyo vilikufa vyote? Vyote. Kwa nini? Niliviacha juani. Utepe? Nilifunga mimi. Na Agosti, shangazi? Hakuna shangazi. Kila jibu nilidhani ndilo la mwisho, kumbe kosa langu lilikuwa na vyumba vingi kuliko nilivyokumbuka. Nilipomaliza, Bakari akainuka, akatoka mvuani. Nikajua nimempoteza. Akarudi, amelowa, akanyoosha mikono yake mbele ya uso wangu. "Siku kumi na moja naosha kwa spiriti, Stela. Tazama. Imekuwa laini kama ya mchungaji." Mtu mmoja akakohoa kicheko. Bakari hakucheka. "Utaviosha wewe sasa," akasema, "mpaka yako iwe hivi." Akachukua sahani yake akala. Ndivyo alivyonisamehe, au ndivyo alivyoanza.

Nilimwomba Mama atume mtu Vuga aniombee radhi, mtu mzima mwenye maneno. "Posa ndiyo inayopelekewa mshenga," akasema. "Hili utalibeba mwenyewe." Nikalia. Akaniacha nilie mpaka makande yakapoa, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Nitakuja na wewe, lakini si kukusemea. Nina langu. Mche ukitoka hapa ni lazima mimi nisugue jani ninuse. Mstari wako sikuunusa. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa nakupenda, nikaona mapenzi yanatosha." Mpaka wakati ule sikuwahi kumsikia mtu aliyenizidi umri akisema amekosea mbele ya wadogo zake. Nilidhani ukikua kosa linakuacha lenyewe, kama chunusi.

Vuga tulimkuta Bibi Mwajuma ameketi mlangoni anachambua mbegu. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwenye mkono. Karibuni! Mmekuja kuwaona wagonjwa wangu?" Nikasema nikiwa nimesimama, maana nikikaa nisingeweza. Nilisema yote, kuanzia pipa la maji mpaka lile "kidogo". Mama naye akasema lake, fupi, bila kuliremba. Mzee Kaoneka alikuwa amevutwa na sauti, yuko kwenye ua na fimbo yake. "Kwa hiyo," akauliza polepole, "mimi nimechoma miche mizima?" "Ndiyo, babu." "Na jivu nimeweka kwenye kabichi." "Pole, babu." "Basi hizo kabichi zitakuwa za kisasa," akasema, akaketi juu ya kinu, akashika kichwa. Bibi Mwajuma hakucheka.

"Hata Daktari?" akaniuliza.

"Hata Daktari, Bibi."

Akaacha mbegu. "Mimi parachichi la kienyeji nimelila tangu nina meno ya utoto, wala halijanidhuru. Usifikiri nalilia tunda. Umenilia masika yangu, mwanangu. Wewe unayo mengi, unaweza kuyapoteza mengine ukicheza. Mimi sijui nimebakiza mangapi." Akaingia ndani, akafunga mlango wa chini, ule wa nusu. Tulikaa pale uani saa nzima. Mama hakunishika mkono wala hakusema tuondoke. Bibi alipotoka tena nikamwamkia upya, kama anayefika sasa hivi. Shikamoo yangu ilibaki hewani. Kwetu kuna matusi mengi, lakini shikamoo isiyojibiwa ni jambo jingine. Mtu unahisi umefutwa kwenye orodha ya watoto.

Alizungumza na Mama, mimi akanipita kama kigingi. Mama akamweleza kwamba mizizi ipo, imepata nusu mwaka ardhini, na vuli ikianza, joto likirudi, miche inaweza kubebeshwa palepale iliposimama bila kung'olewa. Si masika yote yamepotea, ni sehemu yake. "Nani atabebesha?" "Utakavyo. Bakari yupo." Bibi akafikiri, akitazama upande wa shamba. "Hapana. Huyuhuyu. Nataka nimwone akifanya."

Kwa hiyo Oktoba nililala Vuga siku sita. Safari hii vikonyo niliomba, Mama akavikata mwenyewe, na Mzee Kaoneka akapelekewa miche tisa ambayo niliibebesha huku Bakari amesimama nyuma yangu ananihesabia pumzi. Bibi Mwajuma alileta kigoda shambani, akaketi, akaweka gunia bichi la vikonyo mapajani pake na kulifunika kwa ule mwavuli wake wa kiume, yeye mwenyewe nusu yuko juani. "Hapa havikauki," akasema. Ilikuwa sentensi ya kwanza aliyonielekezea. Nilibebesha mmoja mmoja, na kabla ya kila mkato alitaka nimwambie ninachofanya na kwa nini. Vikonyo vya Agosti vya Salimu na Asha vilikufa kwa baridi, ila mashina yao yalikuwa hai; Daktari alikuwa amekauka kabisa. Tulileta mche mpya, akausimamia uingie kwenye shimo lilelile. Jioni tulikula bada, na mboga ya mnavu, bila kuku. Siku ya tatu asubuhi nilimwamkia kwa mazoea tu, sina matumaini, akasema, "Marahaba," akiwa anapuliza moto, hata hakugeuka, kama vile hajawahi kuikosa. Nilitoka nje nikauambia mgomba. Siku ya tano alinilaumu kwamba nimekuwa kimya kama mgeni wa msiba, ilhali Mama Naomi alimwambia mimi ni mtangazaji. Basi nikamtangazia wajukuu wake wote, kwa majina, na salamu zao, na alicheka mpaka mwavuli ukayumba, akanikemea niangalie kisu.

Nilirudi mwishoni mwa Novemba kufungua utepe. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema, majani yanadondosha maji. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kufifia mwaka ule, alikuwa anayatambua mambo kwa vidole. Salimu alikuwa mzima, kikonyo kimevimba na kutoa majani mawili mekundu. Asha mzima. Nilikuwa naimba moyoni. Tukafika kwa Hamza, na nikaona kabla sijainama: kikonyo cheusi, na pembeni yake, chini ya utepe, chipukizi refu la kijani, zuri, lenye majani mapana. Bibi akanyoosha mkono, vidole vikalipata lile jani, akalipapasa kutoka shina mpaka ncha, uso wake ukafunguka.

"Huyu naye ameshika," akasema. "Tena amewashinda wenzake."

Hakukuwa na mtu mwingine shambani. Nilisikia kuku wa Mzee Kaoneka ng'ambo ya ua. Nilisikia na ule ulimi wangu wa zamani ukijiweka sawa, kwa sababu, niseme kweli, ulikuwa bado upo, na mpaka leo upo.

"Hapana, Bibi. Hilo ni la chini. Kikonyo kimekufa. Nilikikata kirefu mno, hakikukaa vizuri. Ni kosa langu."

Aliliacha lile jani. Aliutafuta uso wangu kwa yale macho yake, akaufikia, akauangalia muda mrefu.

"Kuna mwingine?"

"Sijafika mwisho. Wanaweza kuwa wawili, watatu."

"Utaniambia kila tukifika."

"Nitakuambia."

"Basi mkate huyu," akasema, akishika bega langu apate kujiweka sawa, "halafu tumwangalie anayefuata."